Barua ya wazi kwa bakubwa ba utalii, ba mapori na ba mugodi: tunalomba njia ya kilometa moja

Mapapa na bamama benye munaikala mu biro za utalii, za mapori na za mugodi hapa Lubumbashi, jambo yenu.

Mi ni mutoto wa Katuba. Papa yangu alitumikaka Gécamines, kompani ya mugodi ya serikali, miaka mingi, Mungu amupumuzishe, mama anauzisha makala mpaka leo, na barua hii niko naiandika usiku juu muchana umeme haikukuwa. Sikuje kutukana mutu. Sikuje kulomba kazi. Niko nalomba kitu moja tu na nitaifikia, lakini mukubali kwanza niwaelezee safari moja, juu bila ile safari mutasema huyu naye alitokea wapi.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilienda kumuangalia mudogo wangu kule Kanada. Anaikala mu muji kidogo inaitwa Brooks, mu provensi ya Alberta, anatumika mu fabriki ya kukata nyama ya ngombe. Ile fabriki inavuta batu kutoka dunia muzima, kwa hiyo pa Brooks unaingia mu duka ya kununua sukari unasikia Kisomali, Kiamhara, Kiarabu ya Sudan, na Kiswahili yetu pia, ile ya kwetu kabisa yenye kusema njo na paka. Siku ya kwanza nilikula bukari na sombe pa meza ya mama moja wa Bukavu, nikajiuliza kama kweli nilipanda ndeke.

Mudogo alishapitisha kule miaka sita. Nikamuuliza, hapa kuko nini ya kuona? Akasema yaya, hapa hakuna kitu, kuko paka nyama na baridi. Kumbe kilometa 48 kutoka mulango wake kuko pori yenye UNESCO iliandika mu urisi wa dunia tangu mwaka wa 1979, mwaka ule ule iliandika Virunga yetu. Jina yake Dinosaur Provincial Park, pori ya mifupa ya badinozori, bale banyama bakubwa ba zamani sana benye balishaka kuisha. Miaka sita, kilometa 48, hajafika! Nikamucheka sana, alafu nikanyamaza polepole, juu nilijikumbuka mwenyewe: nilizaliwa Lubumbashi, nikakomalia Lubumbashi, na nilifikisha miaka 38 bila kuona Lofoi na macho yangu. Maporomoko yenye mayi inaanguka zaidi ya mita 340, moja ya mirefu sana mu Afrika, na mi niliijua mu kalendari ya benki. Na ninyi bakubwa, tuambiane kweli, ni bangapi kati yenu balishafika?

Bon. Siku ya posho tukatoka na motokari ya mudogo. Mwanzo nilimupa haki, kweli hakuna kitu: ngano, tena ngano, ngombe, mashine za kuvuta petroli zinainama zinainuka sawa kuku anakunywa mayi, na ardi iko sawa meza mpaka unashindwa kujua mbali ni wapi. Mara udongo ikakatika. Mbele yetu hakukuwa mulima, ilikuwa shimo, shimo kubwa yenye macho haifike mwisho yake, na ndani yake bilima bya rangi ya majivu na ya kahawia, na mistari ya kutu na mistari myeusi ya makala, imepangwa moja juu ya ingine sawa mikeka mu soko. Mutoto wa Gécamines akiona kitu ile anafikiri jambo moja tu. Nikasema, yee, nani alichimbaka karieri hii?

Ni mayi njo ilichimba. Zamani barafu kubwa ilifunika ile inchi, ikayeyuka, miaka karibu 13,000 imepita, mayi yake ikapita pale kwa nguvu ikakata udongo mulaini, na tangu pale mvua na upepo inaendelesha kazi, inatosha milimeta karibu ine kila mwaka. Karieri bila mutumishi, bila mushahara, bila sindika. Batu ba kule ba zamani baliita udongo ya namna ile ardi mbaya, juu hulime kitu na hupitishe ngombe. Kwa macho ya mutu wa kwetu, nawaambia, ni bichuguu. Bichuguu bikubwa bikubwa, mia na mia, paka muchwa njo hakuna.

(Nikisema kichuguu, nifungue kidogo hapa. Batu ba masomo balipima umri ya bichuguu bikubwa bya mu miombo kandokando ya Lubumbashi, bakakuta kuko moja yenye inapita miaka 2,000. Elfu mbili, mbele hata mufalme Msiri hajazaliwa, mbele ya kila kitu tunajua jina yake! Na sisi tunafanya nini? Tunapiga na piki, tunakanyaga na mayi, tunachoma matofali. Nyumba ya papa yangu ilijengwa na ile. Sihukumu mutu, nasema tu.)

Mi nilitoka Lubumbashi na koti. Munajua mwezi wa saba kwetu, asubui unapuliza mikono, nikajisemea kama huku kuko hivi basi Kanada itaniua. Pale pori ilikuwa digri 36, jua haitake kulala mpaka karibu saa ine ya usiku, na mi na koti yangu mu mukono sawa mutu mwenye alipotea kwenye kilio. Kibao ya kwanza yenye tulikuta pa mwanzo wa njia haikuandika karibu, haikuweka picha ya mukubwa yoyote na tai yake. Iliandika: beba mayi, kuko nyoka, kuko miiba, usipande juu ya bilima, usitoshe kitu. Basi. Nilisimama pale nikaisoma mara mbili juu ilinifurahisha. Mutu mwenye aliandika kibao ile aliwaza mutu mwenye atapita.

Njia zenye mutu anaweza kutembea peke yake bila gidi ziko tano tu, mu pori yenye inafika karibu kilometa 80 za mraba. Tano! Na hata moja haifike kilometa mbili. Sisi tulifuata moja ya kilometa 1.3, inazunguka katikati ya bilima na inakurudisha pale ulianzia. Haina simenti, haina ngazi ya dahabu. Ni udongo yenye ilisawazishwa, miti mifupi imesimikwa pembeni kuonyesha usitoke hapa, na kila penye kuko kitu ya kuelewa kuko kibao. Hapa mutu alipata mifupa. Hapa angalia mustari mweusi, ni majani ya zamani. Hapa inama, guza udongo. Nikainama. Juu imepasukapasuka sawa ngozi ya mamba, inavunjika mu vidole na sauti ndogo ya ganda ya karanga, na gidi nyuma alitueleza ni majivu ya volkano yenye iligeuka udongo wa mufinyanzi, ikipata mvua inavimba na kuwa sabuni, hata motokari yenye nguvu inacheza dansi. Saa tisa wingu moja jeusi likatokea na bakasimamisha safari ya bisi ya saa kumi juu ya ile sabuni. Alafu, musikie vizuri bakubwa, mama wa pale pa dirisha akaturudishia makuta. Bila kuulizwa. Mudogo akashangaa kuliko mi, na yeye njo mwenye miaka sita kule.

Tulirudi kesho yake. Sehemu kubwa ya ile pori imefungwa, hauingie bila gidi, banakupandisha mu bisi, banafungua kizuizi, banafunga nyuma yako. Gidi wetu alikuwa binti moja, mwanafunzi, biatu byake bikubwa kuliko yeye. Akatusimamisha pahali mi niliona paka mawe, akasema muangalie chini dakika moja bila kusema. Dakika ile ilikuwa ndefu. Alafu mutoto moja wa familia ingine akalia: hii! Na kisha kuona moja tukaona yote, juu tulikuwa tumesimama katikati yayo. Vipande vya mifupa, ingine sawa kidole, ingine sawa kipande ya mukate, rangi ya kutu, na ndani tundu ndogo ndogo sana za kupangwa. Nikauliza, unajua namna gani kama ni mufupa na si jiwe? Akacheka akasema, kuko mambo ya ulimi: mufupa wa zamani uko na tundu ndogo, ukiuguza na ulimi unakamata, jiwe haikamate. Mudogo wangu, mutu muzima, baba ya batoto wawili, akaokota moja akaramba. Ikakamata! Alisimama pale na mufupa wa miaka milioni 75 unaning'inia pa ulimi, na macho yake makubwa, na mi nikashindwa hata kushika telefone ya kupiga foto juu ya kucheka.

Kisha binti akasema, sasa rudisha pale pale ulitosha. Si karibu na pale. Pale pale, na upande ule ule. Alieleza juu ya nini: vile mufupa umelala inaeleza mayi ilitoka wapi, mnyama alikufa namna gani. Kuko mahali mu ile pori penye mifupa ya mnyama wa pembe moja juu ya pua, mukubwa karibu sawa kifaru, mia na mia, bamelala pamoja, na bafundi banafikiri mafuriko njo ilibeba kundi muzima. Kama kila mugeni angebeba kidole moja mu mufuko, nani angejua ile? Mudogo alirudisha mufupa na mikono mbili, sawa mutu anaweka mutoto kulala.

Mbona naeleza yote hii? Juu hata bao, bakubwa bangu, balianza sawa sisi. Mwaka wa 1884 mutu wa serikali yao, Joseph Tyrrell, alikuwa anatafuta makala ya chini ya udongo mu bonde ya Red Deer, ule muto wenye unapita mu pori, akakuta kichwa ya mnyama mukubwa mwenye meno. Kwetu jeologe Mubeleji Jules Cornet alipita miaka chache nyuma, 1892, anatafuta shaba. Njia ni moja. Kisha mwaka wa 1910 akafika Mumarekani Barnum Brown, akatengeneza chombo ya mbao ya kuelea, akashuka na muto anachimba mifupa anapakia, na ile mifupa ikaenda New York. Binti anaeleza hii na mi nikasikia harufu ya nyumbani. Nikamuambia, kwetu pia kuko mufupa moja, mudogo sana, unatoshea mu mukono, uko na mikato ya kuhesabu, miaka karibu 20,000, ulitoshwa pa Ishango kandokando ya ziwa Edouard mwaka wa 1950 na Mubeleji Jean de Heinzelin, na mpaka leo uko Brussels. Alikuwa anaujua. Alijua Ishango! Mudogo wangu hakuijua.

Tofauti iko pale tu. Kanada ilishituka. Ilipoona mifupa inaenda Marekani ikalipa nayo bachimbaji bake, jamaa ya Sternberg, tangu mwaka wa 1912. 1955 Alberta ikafunga kipande ya ile bonde ikaita pori. 1985 ikafungua musee kubwa kule Drumheller, ikaipa jina ya ule Tyrrell. Haikuwa siku moja, kutoka kichwa ya kwanza mpaka pori ni miaka 71, kwa hiyo musiniambie tumechelewa.

Na kuko nyumba mu ile pori, ya miti, ya kyumba kidogo, nilikaa mbele yake zaidi ya mifupa. Ilikuwa nyumba ya mutu mweusi, John Ware. Alizaliwa mutumwa kule Marekani, akafika Alberta mwaka wa 1882 anaswaga ngombe, akakuwa na ngombe yake mwenyewe, batu banamuheshimu mpaka farasi ilijikwaa ikamuangukia mwaka wa 1905. Nyumba yake haikukuwa pale, baliihamisha baisimike mu pori ili batu bajue. Mudogo alisoma kibao yote, polepole, na mudomo inatembea. Kisha akasema, yaya, huyu naye alikujaka hapa juu ya ngombe.

Sasa nirudi nyumbani.

Pa nyumba yetu ya Katuba kuko jiwe. Papa aliileta kutoka Kambove kabla sijazaliwa, iko nzito sawa mutoto wa miezi sita, na tangu nilipofungua macho ile jiwe ilikuwa inashika mulango wa nyuma usipigwe na upepo. Pembeni iko na mistari ya kupinda, moja juu ya ingine, sawa unakata kabeji katikati, na tundu tundu. Papa aliiita RSC, kwa Kifaransa roches siliceuses cellulaires. Bazee ba mugodi benye munasoma munacheka tayari, juu RSC munaijua sawa jina ya bibi yenu: ile jiwe ngumu, ya matundu, yenye inaikalaka katikati, shaba chini yake na shaba juu yake, yenye mukichimba munaisukuma pembeni juu mara mingi haina kitu.

Ile siku mu pori nilimuonyesha binti foto ya jiwe mu telefone, niliipigaka siku moja juu ya muchezo. Akaikuza na vidole, akaangalia, akasema siwezi kukubali paka na foto, lakini uulize kwenu, hii inafanana kitu yenye ilijengwa na vijidudu. Nilifika Lubumbashi nikaenda kwa muzee moja wa pa avenue yetu, alikuwaka jeologe. Nikamuwekea jiwe pa magoti. Akaipiga mate, akafuta na kidole gumba, mistari ikatokea, akasema: wewe, papa yako hakukuambia? Hii ni stromatoliti. Zamani hapa kulikuwa bahari ndogo, mayi ya kina kifupi, vijidudu vyenye macho haione vinaikala juu ya matope sawa ngozi, matope inafunika, vinapanda tena, ngozi juu ya ngozi. Lini? Akasema zaidi ya miaka milioni 700.

Muhesabu. Wale banyama ba Alberta ni milioni 75. Jiwe ya kushika mulango wa mama yangu inawazidi karibu mara kumi! Watu banatoka Japani na Ujerumani banafanya masaa na masaa mu ndeke kuramba mufupa wa kule, na sisi tunapita juu ya fosili kila siku na malori, tunasaga, tunamwanga pembeni ya barabara, tunatia mu mashimo ya avenue mvua ikinyesha.

Sisemi mufunge migodi. Mi ni nani, nililishwa na mugodi. Nasema paka hivi: kuko karieri za zamani zenye hakuna mutu anachimba tena, kuko bilima penye ile RSC imetoka inje inaonekana na macho, muchague moja. Moja tu, yenye iko salama, yenye haina deni na haina kesi. Mukate njia ya miguu, kilometa moja, musimike miti pembeni, na bibao kumi. Kwa Kiswahili kwanza, ile yenye mama wa soko anasoma, kisha Kifaransa, kisha Kibemba na Kisanga kama pesa iko. Kibao ya kwanza iandike beba mayi.

Najua mutajibu nini, juu nilishajibiwa. Kabla ya safari ya Kanada, mi na bijana ba kanisa tulienda kuona maporomoko kidogo moja, jina naliacha, si Lofoi. Bariere ya kwanza tulilipa, bariere ya pili tulilipa, pa tatu kijana na kofia akatuambia ile bingine haikukuwa ya kweli, ya kweli ni yake. Risiti hakuna hata moja. Ndani njia hakuna, kila mutu anapasua majani penye anataka, binti moja aliteleza akavunja mukono, na mukubwa wa pale alituuliza kwanza kama tuko na ruhusa ya kupiga foto. Mawe yote imeandikwa na rangi, jina za bachumba na tarehe. Nilipoenda mu biro moja kueleza, baba wa pale, mutu wa heshima, akaniambia: mutoto wangu, batu ba kwetu habapendake kutembea, ile ni mambo ya bazungu.

Papa, na heshima yote, hapana. Siku ya Pasaka ya pili muende pa barabara ya Kipushi, ya Likasi, ya Kasenga, muone. Familia muzima mu motokari moja, makala, kuku, bidon ya mayi, nkambo anaikala mbele, batoto nyuma juu ya sanduku ya bia, banatafuta penye kuko kivuli na mayi ya kutembea. Batu banatembea. Banakosa pa kwenda, na pale banafika hakuna mutu wa kubaeleza kitu, njo banakunywa banarudi.

Ingine mutasema usalama. Kweli. Pori ya Upemba iko tangu 1939, ya Kundelungu tangu 1970, mu Upemba kuko punda milia ba mwisho ba pori mu inchi yetu yote, na balinzi ba Upemba balikufa mu kazi, sitacheza na damu ya batu. Njo maana silombe Upemba leo. Nalomba kilometa moja karibu na gudroni, penye motokari ndogo inafika na inarudi mbele ya usiku. Kule tutajifunza namna ya kuandika kibao, namna ya kutoa risiti yenye namba, namna ya kurudishia mutu makuta yake mvua ikinyesha. Tukijua ile, twende Lofoi tukate njia ya kushuka, tusimike kamba penye inateleza, tuchague bijana ba mu vijiji bya karibu bakuwe bagidi, na makuta ibakie kidogo kule kule, juu mutu mwenye anakula na maporomoko haandike jina yake juu ya jiwe na rangi.

Kitu ingine moja, ya upesi. Pa musee yetu ya Lubumbashi kuko bintu bya ajabu, na historia ya makaburi ya Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, yenye bafundi balianza kufukua mwaka wa 1957, ingepashwa kila mwalimu aijue. Mi nilimaliza masomo yote bila mutu kunipeleka pale hata siku moja, na ilikuwa mwendo wa miguu. Bisi moja ya banafunzi kwa mwezi, kila mara masomo ingine. Si mingi.

Kama munataka mutu wa kutembea na ninyi kuchagua ile kilima, yule muzee jeologe yuko tayari, aliniambia mumulipe paka transporti na mayi ya baridi. Na jiwe ya papa naitoa. Nilishaiosha, niliifunga mu kitenge, iko chini ya kitanda yangu inangojea kibao yake. Mama alikasirika kidogo, akauliza mulango utashikwa na nini sasa. Tuliweka tofali.

Mi, mutoto wa Katuba